Mulitumwa na nani?

Maneno tuliyosema mbele ya vijana wa Kindu, baada ya safari ya Kasongo na Kabambare



Mulituita tuje kusema juu ya safari. Tutaisema. Lakini tungependa murudi nyumbani leo na ulizo moja, kwa sababu ndilo tuliloulizwa kuliko yote. Tuliulizwa kwenye bariyeri, tukaulizwa kwenye kivuko, tukaulizwa kwenye baraza ya chefu. Hata mama mmoja aliyetuuzia karanga alituuliza: "Munatoka wapi? Munaenda wapi? Na mulitumwa na nani?"

Mawili ya kwanza ni mepesi. La tatu ndilo lililotushinda. Hakuna aliyetutuma. Siye ni wawili, mmoja wa Lubumbashi, mwingine wa hapa Kindu, marafiki tangu masomo. Tulikuwa na sakado mbili. Ndani mulikuwa nguo chache, chandarua, tochi, vidonge vya kusafisha maji, daftari moja na kadi zetu za mpiga kura. Hatukuwa na gari, hatukuvaa jile ya shirika, hatukubeba barua yenye muhuri. Tulitaka kuona nchi yetu, basi. Na kila tulipojibu hivyo, watu walitazamana.

Nchi hii ina kilomita za mraba zaidi ya milioni 2.3. Ina provensi 26 na lugha nne za taifa, bila kuhesabu lugha za nyumbani. Lakini jihesabuni wenyewe humu ndani: ni wangapi wamekwisha kulala usiku katika teritware tatu tu kati ya saba za Maniema? Wengi wetu tunajua majina ya avenyu za Bruxelles na Paris kupitia video, lakini hatujui Kabambare inapakana na nani. Inapakana na Fizi, na upande wa kusini inagusa provensi ya Tanganyika. Ni jirani yetu, na tunaijua kwa habari mbaya tu.

Tulipanda treni Lubumbashi. Tukapita Kamina, Kabalo na Kongolo, tukateremka Samba. Safari ya treni ile haihesabiwi kwa saa, inahesabiwa kwa siku, na ndani ya behewa unakuta Kongo nzima: kuku, magodoro, mwanafunzi anayerudi kwao, mama na magunia yake ya mahindi. Kipande cha reli cha Kongolo mpaka Kindu kilimalizika 1910. Kilijengwa kwa sababu mto unakatika: karibu na Kongolo, Lualaba inabanwa kati ya mawe pahali panapoitwa Mlango wa Jehanamu, na kabla ya kufika Kindu kuna maporomoko tena. Reli inapita magharibi ya mto, Kasongo iko mashariki. Basi kutoka Samba tulichukua pikipiki mpaka ukingoni, tukavuka, tukaingia Kasongo jioni, saa ya adhana.

Kasongo ilitunyamazisha. Tulizoea kufikiri kwamba historia iko pahali pengine, siye tuko pembeni. Kumbe pembeni ni siye tuliojiweka. Kule wazee wanazungumza Kiswahili ambacho mwenzetu wa Lubumbashi alikisikiliza na kinywa wazi. Siye wawili ni Waswahili wa kuzaliwa, na bado tulichekana: mmoja anasema "shiye", mwingine "siye", na mzee wa Kasongo anasema "sisi" kama mtu wa Unguja. Lugha moja, nguo tatu. Asubuhi unasikia adhana, halafu kengele ya kanisa kuu, na watu wa nyumba moja wanagawanyika, huyu huku, huyu kule, wanakutana tena kwenye sahani moja ya wali na sombe yenye mawese.

Kiswahili kile kilifika kwa miguu. Njia ya misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikapita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Na hapa ulizo letu linaanza kuwa zito, kwa sababu kila mtu ambaye vitabu vinamtaja kwenye njia ile alikuwa ametumwa. Livingstone alitumwa na chama cha jiografia cha London. Alifika Nyangwe 1871, na tarehe 15 Julai mwaka ule aliona kwa macho watu wa soko, wengi wao akina mama, wakipigwa risasi na wafanyabiashara wa watumwa pale ukingoni mwa Lualaba. Cameron alipita 1874, naye ametumwa na chama kile kile. Stanley alikuja 1876 na pesa ya magazeti mawili, moja la London na moja la New York. Tippu Tip alitumwa na pembe za ndovu. Aliifanya Kasongo kuwa mji wake mkubwa, akaja kuandika maisha yake kwa Kiswahili, lugha hii hii. Mwaka 1893 jeshi la Leopold chini ya Dhanis lilikamata Nyangwe, halafu Kasongo. Kasongo ile ya kale leo inaitwa Tongoni, yaani pahali pa magofu.

Na wale waliobeba mizigo? Livingstone alipougua kule Maniema mwaka 1870 na watu wake wengi kumuacha, waliobaki naye walikuwa watatu: Susi, Chuma na Gardner. Hao nao walitembea bara hili, na walitembea kuliko bwana wao. Nao maelfu ya watu wa Maniema walipelekwa kwa njia ile ile kwenda mashariki, wengine na mizigo kichwani, wengine na minyororo shingoni. Ndiyo maana leo kuna Wamanyema Ujiji na Tabora, na kule Kariakoo, Dar es Salaam, kuna msikiti unaoitwa Msikiti wa Manyema. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kusafiri.

Halafu akaja Mbeleji na karatasi. Wakati wake mtu mweusi hakuweza kuacha shefri yake kwa muda mrefu bila ruhusa iliyoandikwa. Mtu aliyetembea bila bwana na bila karatasi aliitwa mtoro. Sasa munaelewa, wandugu, kwa nini askari wa leo akiona vijana wawili na sakado anauliza nani aliwatuma. Hakuvumbua ulizo hilo. Alilirithi. Na siye tumerithi kulijibu huku tumeinamisha kichwa.

Tuendelee na njia. Kutoka Kasongo mpaka Kabambare ni zaidi ya kilomita 100. Kwenye karatasi ni barabara. Kwenye udongo ni kijia cha pikipiki, kuna majani marefu huku na huku, na madaraja ya miti ambapo unashuka, unavua viatu, unaomba Mungu. Tulikwenda mwezi wa saba, wakati wa kiangazi. Watu walituambia: "Mungekuja mwezi wa kumi na moja, mungelala kwenye matope." Vipande vingine tulipanda pikipiki, vingine tulitembea, na pale tulipotembea ndipo tulipojifunza, kwa sababu mtu wa miguu anasalimia kila mtu.

Tuliowasalimia zaidi ni watu wa kinga. Kijana anafunga bido za mawese, au magunia ya mchele, pande zote mbili za kinga. Anafunga mti kwenye usukani ili aweze kuusukuma. Halafu hapandi, anasukuma. Siku kwa siku. Kilima anasukuma, mchanga anasukuma. Usiku analala kwenye kijiji cha njiani, asubuhi anaanza tena. Munakula wali hapa Kindu, munasema bei imepanda. Bei ile imesukumwa na kifua cha mtu wa umri wenu. Tulimuuliza mmoja amesoma mpaka wapi. Akasema: "Niko na diplome ya Leta, yaya. Niliiweka kwa mama, juu isinyeshewe."

Na watu hao ndio bariyeri inawangoja. Mwanzi mmoja umelazwa njiani, kamba, kibanda cha majani, kiti cha plastiki. Tulikuwa na daftari. Kila kizuizi tuliandika: tarehe, saa, kilichoombwa, jina la malipo, kama kitansi kilitolewa. Majina ya malipo ni mengi: usafi, ulinzi, soko, "kahawa ya wakubwa". Vitansi tulivyopata havijazi kiganja. Pahali pamoja, ambapo hatutapataja jina, tulikuta vijana wanne wamebeba mama mgonjwa kwenye tipoyi, wanatoka porini wanampeleka hospitali. Mgonjwa aliambiwa apite. Wabebaji waliambiwa walipe, kila mtu franga elfu moja. Mama yuko juu ya mabega yao, anapumua kwa shida, nao wanatafuta mifukoni. Tulitoa tuliyokuwa nayo ili mama apite, halafu tukauliza kwa sauti ya heshima: "Baba, hii ni kodi gani, na kitansi kiko wapi?" Jibu munalijua: "Na ninyi, mulitumwa na nani?"

Siku ile tulijibu bila kutetemeka. Tulisema: "Baba, tumetumwa na artikle ya 30." Katiba ya 2006, artikle ya 30, inasema kila mtu aliye katika nchi hii ana haki ya kutembea kwa uhuru, kukaa anapotaka, kutoka na kurudi, kwa kufuata sheria. Artikle ya 174 inasema kodi haiwezi kuwekwa isipokuwa kwa sheria. Mwanzi si sheria. Kiti cha plastiki si sheria. Tulisema hayo pole pole, bila matusi, mikono yetu ikiwa wazi. Hakufurahi. Lakini kijana mmoja wa kinga aliyekuwa nyuma yetu aliuliza: "Hiyo namba ni ngapi tena?" Akaiandika kwenye mkono wake, kwa biki.

Wandugu, safari nzima tungeifanya kwa ajili ya dakika ile tu.

Hatutawadanganya kwamba kila njia iko wazi. Upande wa Salamabila, kwenye dhahabu ya Namoya, watu wameteswa miaka mingi na makundi yenye silaha, Mai-Mai Malaika wakiwemo, na kuna familia zilizokimbia vijiji vyao zaidi ya mara moja. Tuliuliza kabla ya kwenda popote. Tulijitambulisha kwa chefu katika kila kijiji. Tulipoambiwa "hapo musipite", hatukupita. Ujasiri wa kujitafutia risasi ili upate picha nzuri si wetu. Lakini tuliona kitu: pale njia ilipokufa kabisa, ndipo mwenye bunduki anapokuwa serikali. Njia nzuri haimalizi vita peke yake, lakini pahali ambapo mwalimu, muuguzi na mfanyabiashara hawafiki, anayefika ni nani?

Kule Kabambare, kwa Wabangubangu, watu walipotuona walitafuta tuingie katika sanduku gani. "Munanunua zahabu?" Hapana, mama. "Muko ba ONG?" Hapana. "Muko basoda?" Hapana. "Basi muko ba padri?" Tukacheka, wakacheka. Mgeni kwao ni mojawapo kati ya hao wanne. Kijana Mkongomani aliyekuja kuwaona tu hana jina. Lakini tulipokaa, wakaelewa haraka kuliko askari. Mzee mmoja alituwekea mkeka, akaleta maji ya kunawa, akasema: "Batu bote banakuja kutafuta kitu. Ninyi munakuja kusalimia. Mukae." Tukakaa siku tatu. Jioni vijana wa kijiji walituuliza juu ya Kindu: ni kweli kwamba kule watu wanasema Wabangubangu wote ni Mai-Mai? Na siye tukawaambia tuliyoambiwa juu yao kabla ya kutoka, kwamba tusile chakula chao. Walicheka mpaka mmoja akalia machozi. Halafu kimya kikaingia, kwa sababu maneno kama hayo ndiyo yanayoua watu siku ikifika.

Hapo ndipo tulipoelewa kwamba kutembea si starehe ya matajiri. Nchi ambayo vijana wake hawaonani ni rahisi kuigawanya. Anayetaka kukuchochea dhidi ya jirani anahitaji kitu kimoja tu: usiwe umewahi kula kwake. Lumumba alizaliwa Sankuru. Kabla ya kuwa mtu wa Kisangani na Kinshasa alipitia Maniema hii yetu, akafanya kazi kwenye kampuni ya madini kule Kalima. Hatusemi safari ndiyo ilimfanya Lumumba. Tunasema hakujifunza neno "Mkongomani" akiwa amekaa katika kijiji kimoja.

Na kama siye hatutembei, wengine wanatujua kuliko tunavyojijua. Wanafunzi wa afya ya jamii katika nchi nyingi wamesoma juu ya Kasongo, kwa sababu miaka ya 1970 na 1980 mradi wa afya wa Kasongo, pamoja na taasisi ya dawa za tropiki ya Antwerp, ulichunguza namna ya kupanga vituo vya afya na kazi ya chanjo ya surua. Waakiolojia wamechimba Tongoni. Ni vizuri, tunawashukuru. Lakini ni aibu kwa nani kama mtoto wa Kindu anasikia jina la Tongoni kwa mara ya kwanza leo, katika ukumbi huu?

Sasa tuseme tunachotaka, wazi wazi.

Tunadai, kwanza, kwamba kwenye kila bariyeri halali ya njia ya Kindu, Kasongo na Kabambare kibandikwe kibao chenye jina la kodi, sheria iliyoiweka, bei yake na kazi ya pesa hiyo. Bariyeri isiyoweza kuandika kibao hicho iondolewe.

Pili, mgonjwa na wanaombeba wasilipe kitu popote, na mtu wa kinga anayeleta chakula asilipe mara mbili kitu kile kile.

Tatu, tangu 2008 kuna mfuko wa taifa wa kutunza barabara, FONER, unaolishwa na pesa inayokatwa kwenye mafuta ya gari. Kila anayenunua mafuta yaliyoingia kihalali, hata akiyanunua kwa kadhafi wa njiani, ametoa mchango wake. Tunaomba tuonyeshwe hadharani kilichotengwa kwa njia ya Kasongo na Kabambare, na kilichofanyika. Vijiji tulivyopita vinafanya salongo: vinafyeka, vinafunika mashimo. Wao wamekwisha kutoa jasho. Upande wa pili utoe hesabu.

Na kwenu, vijana, tunaomba kitu kisichohitaji waziri. Kiangazi kikifika, mutoke. Si lazima iwe mbali. Mwenye pesa kidogo aende Kibombo kwa treni, mwingine Kalima, mwingine Kasongo. Muende wawili wawili, kwa sababu mmoja akiugua mwingine anatafuta msaada, na kwa sababu peke yako utaogopa kuuliza kitansi. Muulize habari ya usalama kabla ya kila kipande cha njia. Mujitambulishe kwa chefu, mubebe chandarua, musimpige mtu picha bila kumuomba. Musiende na zawadi za kugawa kama wakubwa wa kampeni. Muende na mikono ya kusaidia kutwanga na masikio ya kusikiliza. Dada zetu, tunajua hatari yenu njiani ni kubwa kuliko yetu, na hatutajifanya kwamba haiko. Tutengeneze pamoja orodha ya familia zinazoweza kupokea wasafiri katika kila sentre, ili asiwepo anayelala pahali asipopajua.

Artikle ya 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, peke yake au pamoja na wenzake. Ombi letu limekwisha kuandikwa. Daftari la bariyeri liko pale mezani, karibu na mlango, na kurasa nyingi bado ni nyeupe. Aliyepita njia yoyote ya Maniema, hata juzi, hata kwa mazishi au kwa biashara ya samaki, aandike: pahali, tarehe, bei, kitansi. Musiandike majina ya watu, tunashitaki desturi, hatutafuti kisasi. Likijaa tutalipeleka kwa gavana, mchana, kwa miguu, wote pamoja.